Sababu Ndani ya Picha: Mwongozo wa Kupima Filamu za Kihistoria

Filamu ya kitendi, kwa maana inayotumika hapa, ni filamu ndefu inayosimulia tukio kubwa la kihistoria, au linalodaiwa kuwa la kihistoria, kupitia shujaa mmoja au kundi dogo la watu ambao hatima yao imefungamana na hatima ya taifa, dini au kabila zima. Ni aina ya sinema inayozua ubishi mwingi mara tu watazamaji wanapotoka ukumbini, na ubishi huo kwa kawaida huzunguka kauli tatu: kwamba picha ni kali kwa kuwa imetumia fedha nyingi, kwamba inachosha kwa kuwa ni ndefu mno, au kwamba ni ya uongo kwa kuwa mambo hayakutokea hivyo. Kauli hizo zaweza kuwa za kweli zote tatu na bado zisiseme lolote kuhusu ubora wa kazi, maana gharama na urefu ni sifa ambazo filamu mbovu na filamu bora huzimiliki sawasawa, na tarehe sahihi huweza kupangwa vizuri katika hadithi isiyo na uhai. Kipimo kinachopendekezwa katika kurasa hizi ni kingine, nacho ni iwapo filamu inamwezesha mtazamaji kuona, kwa macho na masikio yake, kwa nini jambo lilitokea jinsi lilivyotokea.

Hadhira ya Kiswahili haiingii katika upimaji huu mikono mitupu, kwani imerithi tendi, yaani mashairi marefu ya kisimulizi yanayoadhimisha vita na mashujaa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi ya Mashariki, ilhali msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi Madina bila pambano kuu na majeshi hayo. Hakuna msomaji makini wa fasihi anayeutupa utendi huo kwa hoja kwamba umepiga chuku, kwa sababu chuku, yaani ukuzaji wa makusudi wa mambo ili yafikie kimo cha ushujaa, ni sehemu ya kanuni za utanzu wenyewe, na anachouliza msomaji ni iwapo ukuzaji huo unamwonyesha kilichokuwa hatarini na kilichowasukuma watu kwenda vitani. Sinema za kihistoria zinastahili usomaji wa namna hiyo hiyo, wenye ukarimu kwa chuku na ukali kwa uzembe.

Jambo la kwanza la kupimwa ni ukubwa, na filamu inayofaa kuanzia ni Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, iliyoongozwa na David Lean kuhusu ofisa Mwingereza T. E. Lawrence na uasi wa Waarabu dhidi ya dola ya Uthmaniya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Picha zake zilinaswa kwenye mkanda wenye upana wa milimita 65, karibu mara mbili ya mkanda wa kawaida wa milimita 35, kisha zikachapishwa kwenye mkanda wa kuonyeshea wenye milimita 70, ule upana ulioongezeka ukibeba njia za sauti. Faida ya mkanda wa aina hiyo ni kwamba kitu kidogo kilicho mbali sana hubaki dhahiri ndani ya picha pana sana, na Lean pamoja na mpigapicha wake mkuu, Freddie Young, walijenga onyesho zima juu ya faida hiyo.

Katika onyesho hilo Lawrence na Tafas, Mbedui anayemwongoza njia, wamesimama kisimani katikati ya jangwa, na Tafas amekwisha kuteka maji na kunywa. Kwenye upeo wa macho, ndani ya mazigazi yanayotetemeka juu ya mchanga, linatokea doa jeusi ambalo kwa muda mrefu halina umbo, kisha taratibu linapata miguu, kisha linakuwa mtu aliyepanda ngamia. Young alilinasa kwa lenzi ndefu ya milimita 482. Lenzi ndefu ni ile inayovuta vitu vya mbali na ambayo, kwa kufanya hivyo, huubana umbali, hivi kwamba mpanda ngamia huonekana akija, akija, bila kufika. Hakuna muziki wowote. Tafas anakimbilia bastola, mlio mmoja unasikika, naye anaanguka kando ya kisima kabla mtazamaji hajauona uso wa aliyempiga, ambaye baadaye anatambulika kuwa Sherif Ali, aliyeigizwa na Mmisri Omar Sharif. Kosa la marehemu lilikuwa kunywa maji ya kisima cha watu wa Ali ilhali yeye ni wa kabila jingine.

Mtu anayetaka kueleza kwa nini onyesho hili linasifiwa miaka mingi baada ya kutengenezwa hana budi kuangalia kazi inayofanywa na ule ungojaji. Mtazamaji amelazimishwa kungoja pamoja na Tafas, akiwa na ujuzi mdogo kuliko wa Tafas, na kwa njia hiyo anafundishwa mambo ambayo filamu nzima itayategemea baadaye, kwamba jangwani anayeona mbali ndiye mwenye mamlaka, kwamba maji ndiyo mpaka, na kwamba kuyaunganisha makabila haya kuwa jeshi moja ni kazi inayokaribia muujiza. Hakuna mhusika aliyesimama kuyatolea hotuba mambo hayo. Mwongozaji ambaye angelikata onyesho hilo katika shoti fupi fupi, shoti ikiwa ni kipande kimoja cha picha kisichokatizwa, angeliokoa dakika chache na kupoteza sababu ya nusu ya matukio yanayofuata, na ndiyo maana lawama ya urefu haikubaliki mpaka mlalamikaji aonyeshe ni dakika zipi ambazo hazikuwa na kazi. Zipo filamu nyingi za kihistoria ambazo dakika hizo huonekana mara moja, hasa zile zenye majeshi yanayopita mbele ya kamera ili gharama ya maleba, yaani mavazi ya waigizaji, isipotee bure.

Umati nao una hesabu yake. Onyesho la mazishi katika Gandhi ya Richard Attenborough, iliyotolewa mwaka 1982, lilipigwa mjini Delhi tarehe 31 Januari 1981 likiwa na watu wapatao 300,000, na wengi hulitaja kwa sababu ya idadi hiyo peke yake. Ukitazamwa peke yake, umati huo hauelezi kitu zaidi ya kwamba mtu mashuhuri amefariki. Thamani yake inatokana na mahali ulipowekwa, mwanzoni mwa filamu, kabla tu ya onyesho la mwaka 1893 ambamo wakili kijana wa Kihindi anatupwa nje ya behewa la daraja la kwanza huko Afrika Kusini na kuachwa usiku kwenye jukwaa la stesheni pamoja na mizigo yake. Mkato huo mmoja, yaani mruko kutoka picha moja hadi nyingine, ndio unaomfanya mtazamaji aulize ilikuwaje mtu yule wa stesheni akafuatwa na watu wote wale, na swali hilo ndilo linalobeba saa tatu zinazobaki. Mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur ya William Wyler ya mwaka 1959 zina ujanja wa aina nyingine, kwani muziki umenyamazishwa tangu farasi wanapoanza kukimbia, nafasi yake ikachukuliwa na magurudumu, kwato na kelele za watazamaji wa uwanjani. Anayezitazama kwa mara ya pili na azisikilize huku amefumba macho kwa dakika moja.

Vita ndipo udhaifu wa mwongozaji unapofichuka haraka zaidi. Kipimo chake ni rahisi kukitaja: baada ya pambano, je, mtazamaji aweza kuchora ramani ya mahali lilipotokea, na kusema nani alikuwa wapi na kwa nini alishindwa? Filamu inayokipita kipimo hicho kuliko nyingi ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, yenye urefu wa dakika 207, kuhusu wakulima wa Japani ya karne ya 16 wanaowaajiri samurai, yaani wapiganaji wa jadi wa tabaka la mabwana, wawalinde dhidi ya majambazi 40. Sehemu kubwa ya filamu hiyo haina mapigano kabisa. Kambei, kiongozi wa samurai, anakizunguka kijiji akiwa na ramani, na kila upande unapewa dawa yake: huku uzio, kule mashamba yafurikishwe maji, daraja livunjwe, na njia ya msituni iachwe wazi kwa makusudi ili majambazi waingie mmoja mmoja au wawili wawili kisha ukuta wa mikuki ufungwe nyuma yao. Nyumba chache zilizo ng'ambo ya kijito lazima ziachwe kwa sababu haziwezi kulindwa, na wenye nyumba hizo wanapogoma na kutaka kwenda kutetea mali zao, Kambei anauchomoa upanga dhidi ya watu wale wale aliokuja kuwasaidia.

Kambei pia ana karatasi yenye duara kwa kila jambazi, na kila anapouawa mmoja, duara lake linakatwa. Kifaa hicho duni kinafanya kazi kubwa ya kisinema, kwa sababu mtazamaji anapofika kwenye pambano la mwisho, lililopigwa ndani ya mvua na tope kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, anajua wamebaki majambazi wangapi, wataingilia wapi, na ni nani asiyeweza kukwepa. Majambazi wana bunduki tatu, na samurai wanne wanaokufa wote wanakufa kwa risasi. Hakuna mhusika anayesema kwamba enzi ya upanga inakwisha. Hesabu ya maiti imekwisha kulisema.

Miaka 31 baadaye, katika Ran ya mwaka 1985, Kurosawa huyo huyo aliihamishia tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Lear katika Japani ya kale, akawapa wana watatu wa mtawala Hidetora rangi zao, njano kwa Taro, nyekundu kwa Jiro na buluu kwa Saburo, rangi zinazoonekana kwenye mabango ya askari wao hata wakiwa mbali. Katika shambulio la ngome aliyokimbilia baba yao, sauti zote za vita zimeondolewa na kubaki muziki wa Toru Takemitsu pekee, watu wakifa kimya kwa dakika kadhaa, mpaka mlio mmoja wa bunduki unapoirudisha ghasia nzima masikioni. Risasi hiyo inamwua Taro, nayo imetoka upande wa ndugu yake Jiro. Watazamaji wengi huusifu ukimya wa onyesho hilo kwa uzuri wake wa kutisha, lakini lililo la kusifiwa zaidi ni mahali unapokatizwa, kwa kuwa sauti inarudi pale pale ambapo vita vya watoto dhidi ya baba vinageuka kuwa vita vya ndugu kwa ndugu, na anayelikosa jambo hilo atalazimika kusubiri maneno ya wahusika ili aelewe kilichokwisha kuonyeshwa. Kuhusu majeshi ya siku hizi yanayozalishwa kwa kompyuta, inatosha kusema kwamba teknolojia hiyo haina kosa kwa yenyewe. Kosa huanza pale ambapo askari laki moja wanaonekana na hakuna hata mmoja anayejulikana amesimama wapi.

Ubora hupimika pia kwa kisichoonyeshwa. The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Ar-Risala, ilikabiliwa na tatizo ambalo hakuna filamu nyingine ya kitendi iliyowahi kulibeba kwa uzito ule, nalo ni kusimulia kuzaliwa kwa Uislamu bila kuonyesha sura wala sauti ya Mtume. Akkad aliligeuza tatizo hilo kuwa mbinu: kamera inachukua nafasi ya macho yake, wahusika wanaiangalia kamera na kusema nayo, na majibu yanajulikana kupitia wale wanaoyapokea. Mbinu hiyo ina gharama zake, kwani mazungumzo mengine yanakuwa ya upande mmoja na kupoteza mwendo, na uzito wa simulizi unamwangukia Hamza, ami yake Mtume, kiasi kwamba baada ya kifo chake huko Uhud filamu inapungukiwa nguvu. Hata hivyo, pale mbinu inapofanikiwa, inafanikiwa sana. Katika mapambano ya watu watatu kwa watatu yanayofungua vita vya Badr, Ali, binamu yake Mtume, naye haonyeshwi, na badala yake linaonekana panga lake lenye ncha mbili, Zulfikari, likiingia kwenye picha na kufanya kazi yake. Filamu ilitengenezwa katika matoleo mawili, kila moja na waigizaji wake, la Kiingereza likiwa na Anthony Quinn kama Hamza na la Kiarabu likiwa na Abdullah Gaith, maonyesho yakipigwa mara mbili mahali pale pale, jambo linalompa mpimaji nafasi adimu ya kuona onyesho moja likibadilika maana kwa sababu ya mwigizaji peke yake. Quinn anamwigiza Hamza kama simba aliyezeeka na kuchoka kuvumilia. Gaith, ambaye Kiarabu fasaha ni ala yake, anamfanya kuwa mtu wa heshima anayeongea kidogo na kumaanisha kila neno. Wenye kuzielewa lugha zote mbili wana haki ya kubishana.

Suala la historia ndilo lenye makosa mengi ya upimaji, kwa kuwa mtazamaji aliyesoma kitabu kimoja hujiona amepewa mamlaka ya kuhesabu dosari. Hesabu hiyo ina manufaa ikiwa inatofautisha mabadiliko kwa kazi yanayoifanya. Mifano miwili inayofaa kuwekwa bega kwa bega ni kutekwa kwa Aqaba katika Lawrence of Arabia na vita vya Stirling katika Braveheart ya Mel Gibson ya mwaka 1995. Katika Julai 1917 mapigano makali yalitokea bara, huko Abu al-Lissan, na mji wa Aqaba wenyewe uliangukia mikononi mwa waasi karibu bila kupigwa. Lean, aliyeujenga mji huo upya kwenye pwani ya Hispania, anaonyesha wapanda farasi na ngamia wakiufagia mji wote katika shoti moja ambayo kamera inawafuata kutoka jangwani hadi ufukweni, ikaishia nyuma ya mzinga mkubwa ulioelekezwa baharini. Tukio limebuniwa, lakini sababu imehifadhiwa, kwani Aqaba ilijiandaa kwa adui wa kutoka baharini na ikajiwa kutoka nchi kavu, na ule mzinga unalieleza jambo hilo vizuri kuliko aya nzima ya kitabu.

Kwa upande wa Stirling, mambo yamegeuzwa kinyume. Mwaka 1297 Waskoti waliwashinda Waingereza kwa sababu jeshi kubwa lililazimika kuvuka daraja jembamba, likakatika vipande viwili, na kipande kilichokwisha kuvuka kikamalizwa kabla ya msaada kufika. Gibson aliliondoa daraja. Pambano lake lililopigwa uwandani lina nguvu, damu na mikuki mirefu ya kutosha, ila mtazamaji anatoka akiamini kwamba Waskoti walishinda kwa sababu walikuwa na hasira zaidi. Sketi walizovaa, ambazo ni za karne za baadaye, ndizo zinazochekwa sana na wajuzi wa mavazi, ingawa sketi hazikumnyima mtazamaji kitu chochote cha maana. Gladiator ya Ridley Scott ya mwaka 2000 iko kati ya mifano hiyo miwili: Kaizari Commodus hakufia uwanjani bali alinyongwa na mpigana mieleka mwaka 192, miaka 12 baada ya kifo cha baba yake, na filamu imeibana miaka hiyo yote kuwa kipindi kifupi ili kisasi cha shujaa kipate kikomo, ubanaji ambao hata tendi huufanya bila kuomba radhi.

Badiliko zito kuliko yote ni lile linalomficha mwenye hatia. The Woman King ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Gina Prince-Bythewood, inawahusu Agojie, kikosi cha wanawake wapiganaji wa ufalme wa Dahomey, katika eneo ambalo leo ni Benin, na kwa ufundi wake wa mapambano, kwa uigizaji wa Viola Davis na kwa namna inavyoheshimu miili ya wanawake wenye makovu na misuli, inastahili sifa ambazo filamu chache za miaka ya karibuni zimezipata. Hadithi yake imewekwa mwaka 1823, wakati Dahomey ilipokuwa ikijitoa chini ya himaya ya Oyo, na jemadari Nanisca anamshawishi Mfalme Ghezo aachane na biashara ya watumwa na badala yake aingie kwenye biashara ya mafuta ya mawese. Mawese kweli yalikuja kuwa biashara kubwa. Lakini Dahomey iliendelea kuuza mateka kwa miaka mingi baada ya 1823, vikosi vyake vikiwa ndivyo vinavyowaleta mateka hao, na Ghezo alitia saini mkataba wa kuiacha biashara hiyo mwaka 1852 baada ya meli za kivita za Uingereza kuifunga pwani yake. Filamu imeukuta ukweli mgumu, kwamba mashujaa wanaopendeza walikuwa mtambo wa unyama, ikaugawa upande mmoja kwa Oyo na upande mwingine kwa Wazungu ili mashujaa wabaki safi. Kosa hilo si la kitabu cha historia tu. Ni la kisanaa, kwa kuwa tamthilia yenye mwanamke anayejua kwamba ushindi wake ndio soko la watu ingelikuwa kali kuliko iliyotengenezwa. Mtazamaji wa Bagamoyo au Unguja, ambako majina ya wafanyabiashara wa watumwa yangali yanatajwa pamoja na majina ya mitaa na majumba, hana sababu ya kuridhika na utakaso wa aina hiyo.

Kinyume chake ni The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, ambayo Saadi Yacef, mmoja wa viongozi wa mapambano ya Waaljeria dhidi ya Wafaransa mjini Algiers, alishiriki kuitayarisha na akaigiza ndani yake. Kwa nasaba hiyo ingetarajiwa kuwa filamu ya propaganda. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa chembechembe za makusudi zinazoifanya ionekane kama taarifa ya habari, ndani ya mitaa ya Kasbah yenyewe, mji mkongwe wa Algiers, na waigizaji wake karibu wote hawakuwa wa kulipwa kwa fani hiyo isipokuwa Jean Martin, aliyemwigiza Kanali Mathieu wa kikosi cha Kifaransa. Kabla ya bomu kulipuka mkahawani, kamera inatulia juu ya nyuso za watu watakaokufa, akiwamo mtoto anayekula aiskrimu, na muziki wa maombolezo unaopigwa juu ya maiti za Waaljeria ndio unaopigwa juu ya maiti za Wafaransa. Filamu hiyo ina upande na haiufichi, ila haidai kwamba upande wake haukumwua mtu.

Filamu kongwe zinahitaji subira ya namna yake, na subira hiyo haina maana ya kusamehe kila kitu. Uigizaji wa miaka ya 1950 unaweza kuonekana wa kupaza sauti mno kwa mtu aliyezoea uigizaji wa kunong'ona wa leo, kama ambavyo picha za Kihindi zilizojaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilivyokuwa na kanuni zao za machozi na nyimbo, na kuzihukumu kwa kanuni za mahali pengine ni kutozitazama. Lakini Alec Guinness, Mwingereza, kupakwa rangi ili awe Amiri Faisal katika filamu ya Lean ni jambo ambalo hata wakati huo lilikuwa uamuzi, si hali ya hewa, na vivyo hivyo kukosekana kwa mwanamke hata mmoja mwenye maneno ya kusema katika filamu ile ya karibu saa nne. Mpimaji mzuri huyataja mambo hayo mahali yanapoiumiza kazi. Guinness anaiumiza kidogo kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa Faisal wake ni mwanasiasa anayevaa barakoa kwa asili. Quinn, Mmarekani mzaliwa wa Mexico aliyebandikwa pua ya bandia ili awe Auda abu Tayi, shekhe wa Kibedui katika filamu hiyo hiyo, anaiumiza zaidi, maana Auda anageuka kuwa kichekesho pale ambapo hadithi inamhitaji awe mtu wa kuogopwa.

Maoni yenye kufaa kusikilizwa, basi, hulitaja onyesho, hutaja kifaa kilichotumika, yaani lenzi, mkato, ukimya, rangi au mahali alipowekwa mwigizaji, halafu hueleza ni sababu gani iliyoonekana au iliyofichwa kwa kifaa hicho. Kupenda na kutopenda hufuata baadaye. Namna hiyo ya kusema inafaa pia kwa filamu za kihistoria zisizo na majeshi, kama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambamo harakati za uhuru wa Zanzibar ya miaka ya 1950 zinapita katika mapenzi ya Yasmin na Denge. Katika filamu ya namna hiyo kuuliza umati uko wapi ni kupoteza muda. La kuuliza ni iwapo chumba kidogo kinaonyesha kwa nini mlango wake hauna budi kufungwa.

Yote haya hutegemea kilichotazamwa na namna kilivyotazamwa. Doa la Sherif Ali halipo kwenye skrini ya simu, hivyo aliyeiona filamu hiyo kwenye simu hajaliona onyesho la kisimani, hata kama anaweza kulisimulia. Katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, ambamo mtafsiri huzungumza Kiswahili juu ya sauti za filamu, mapambano hupata uhai mpya na mzaha usiokuwamo, ila ukimya hufa, kwani mtafsiri halipwi kwa kunyamaza. Matoleo nayo hutofautiana: Lawrence of Arabia ilipunguzwa baada ya kutoka, na iliyorudishiwa sehemu zake mwaka 1989 ndiyo ya kutafutwa, pamoja na muziki wa utangulizi unaopigwa kabla ya picha yoyote, ambao haufai kurukwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa uzito wa toleo ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka 1960, kuhusu mapenzi ya mwana wa mfalme Salim na mcheza ngoma Anarkali, hadithi ambayo ni ngano zaidi kuliko historia, katika kasri la mfalme wa Kimughal, Akbar. Filamu hiyo ilipigwa sehemu yake kubwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na rangi kamili zikaingia katika ukumbi wa vioo, pale Anarkali, aliyeigizwa na Madhubala, anapotangaza mapenzi yake kwa wimbo mbele ya mfalme mwenyewe, huku sura yake ikijirudia katika vioo vya dari mpaka Akbar hana pa kuangalia asimwone. Mwaka 2004 filamu nzima ilitiwa rangi na kurudishwa kwenye majumba ya sinema. Toleo hilo linapendeza, vito na hariri vinang'aa tangu mwanzo, na anayelitazama anapofika kwenye ukumbi wa vioo huona ukumbi mwingine mzuri baada ya kumbi nyingine nzuri. Anayetazama toleo la 1960 humwona mwanamke mmoja akiutia ulimwengu wa mfalme rangi ambazo mfalme hakuziruhusu, na huelewa papo hapo kwa nini atahukumiwa.